Msichana Aliyesema Kwao ni Parisi

Jumanne ile, saa mbili na nusu asubuhi, Mwanatumu Shee aliambiwa kwa mara ya tatu ndani ya siku nne kwamba karatasi zake hazijatimia.

Aliyemwambia ni afisa kijana wa vibali vya maziko, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka unadhani ingeweza kusimama bila yeye. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mwanatumu zaidi. Mtu mbaya unaweza kugombana naye.

"Marehemu ana pasipoti," afisa alisema kwa Kiarabu, "na pasipoti ina jina. Siti Rohana, miaka ishirini na tisa, wa Indramayu, kisiwa cha Java, Indonesia. Kibali kinatoka kwa jina hilo."

"Siti Rohana yu hai," Mwanatumu alisema. "Ubalozi wao umetuma mtu mpaka mlangoni kwake, akamkuta anaanika mpunga. Barua unayo hapo."

"Nimeisoma mara mbili. Inaniambia marehemu si nani. Hainiambii ni nani."

"Ukimzika kwa jina lile, yule mwanamke wa Indramayu atakuwa amekufa kwenye karatasi. Ana watoto wawili na shamba. Na huyu wa hapa wazazi wake watangoja simu mpaka wazeeke."

Afisa alifunga faili polepole. "Dada yangu, Alhamisi saa sita mchana tunafunga kwa mapumziko ya wiki, na muda wa kuhifadhi maiti hii unakwisha siku hiyo hiyo. Niletee jina, niletee na jamaa wa kulithibitisha, nami nitasimamisha. Usiponiletea, anazikwa Alhamisi alasiri."

Mwanatumu alitoka nje, jua la Novemba likamkabili usoni. Siku mbili na nusu. Alikuwa askari wa upelelezi Mombasa kwa miaka kumi na nne kabla ya kuja Dubai kuifanya kazi ile ile kwa wakili mmoja aitwaye Irshad, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupewa kesi ya namna hii. Hapakuwa na muuaji wa kumsaka. Msichana alianguka jikoni asubuhi akichemsha maziwa, madaktari wakasema moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni, polisi wakafunga jalada. Kilichokosekana ni jina tu.

Alivuka maji kwenda Deira kwa Sufyan.

Sufyan alikuwa mtu wa Mombasa, Kibokoni, na ofisi yake ya kuleta wafanyakazi wa nyumbani ilikuwa ghorofa ya pili. Alipomwona Mwanatumu mlangoni, tabasamu lilimjia kwanza, macho yakafuata baadaye.

"Dadangu! Karibu kiti. Kahawa?"

"Nilikunywa Jumamosi, nikanywa na Jumapili. Leo nataka faili."

"Si ulishaliona?"

"Ulinisomea. Sasa nataka kulishika."

Sufyan alilitoa kabatini kwa kujikokota. Zilikuwa karatasi nne: mkataba, cheti cha daktari, nakala ya pasipoti na fomu ya viza. Mwanatumu alizipanga mezani moja moja, akazitazama pembe kabla ya kuyatazama maandishi.

"Ni nani aliyekuletea huyu msichana?"

"Ofisi moja ya Jakarta."

"Inaitwaje?"

"Ilifungwa hiyo, dada. Haipo tena."

"Ilifungwa lini?"

"Mwaka jana."

"Huyu aliingia Dubai Januari mwaka huu. Ofisi iliyofungwa mwaka jana ilimsafirishaje?"

Sufyan alijikuna shingo. "Basi mwaka huu. Mambo ya huko mbali utayajuaje?"

"Na hii karatasi ya tano?"

"Ipi?"

Mwanatumu aliinua mkataba kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye pembe ya juu, chini ya pini iliyoshika karatasi nne, palikuwa na matundu mawili ya pini nyingine, na kipande cha karatasi ya manjano kidogo kama ukucha. "Hapa pamechanwa kitu. Karatasi zako zote ni nyeupe. Hiyo ilikuwa ya manjano."

"Labda risiti."

"Risiti ya nini?"

"Khalas, dada, yatosha." Sufyan alisimama. Tabasamu sasa lilikuwa limekwisha kabisa. "Mimi nina leseni. Napokea ninacholetewa, pasipoti ikisema Siti, kwangu ni Siti. Ukitaka zaidi, nitamwita wakili wangu."

"Mwite. Wangu yuko macho."

Lakini alipokuwa akishuka ngazi alijua ametoka mikono mitupu. Alichopata ni uhakika kwamba Sufyan anaficha kitu, na uhakika wa namna hiyo afisa wa vibali hawezi kuupigia muhuri. Mlangoni alilipiga teke boksi tupu lililoachwa njiani, kisha akaona aibu, akalirudisha lilipokuwa.

Adhuhuri ilimkuta Al Mankhool, nyumbani kwa Bibi Zuwena.

Bibi Zuwena ndiye aliyekuwa mwajiri wa marehemu, na ndiye aliyekuwa akiigharimia kazi hii. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Dubai na mume wakati mji wenyewe ulikuwa mchanga na mkono wa bahari tu, na kwa miaka hamsini hajakubali kubadili hata neno moja la Kiswahili chake. Mwanatumu alimwinamia, akamshika mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umepata?"

"Bado, Bibi."

"Siku ya kumi na mbili leo yumo kwenye barafu." Bibi alivuta ushungi wake. "Muislamu, mwanamke, siku kumi na mbili. Miye silali. Nilimwita Siti, naye akiitika. Miezi kumi mtoto wa watu anaitikia jina lisilo lake, na miye sikujua."

"Hebu niambie tena lile la kwao."

"Nishakwambia. Nilimuuliza, mwanangu, kwenu wapi? Akanambia Parisi. Parisi Sambila. Nikamwambia wee, Parisi kwa Wafaransa! Akacheka mpaka akakaa chini. Basi kila akikosea kupika namwambia, hivi ndivyo wapikavyo Parisi?" Bibi alianza kucheka, kisha akaupandisha ushungi mpaka machoni.

Mwanatumu alilitoa daftari. *Parisi Sambila* lilikuwa ukurasa wa kwanza, limepigiwa mstari tangu Ijumaa. Hakuna mji wa jina hilo kwenye ramani yoyote ya Indonesia.

Aliomba kuliona tena begi la marehemu. Lilikuwa stoo, begi jekundu la kitambaa, na ndani yake nguo sita, msala, na kopo la maziwa ya unga lenye picha moja tu. Simu haikuwamo; iliibiwa sokoni miezi miwili nyuma. Alikwisha kulipekua, lakini safari hii alilipindua kila upande. Kwenye mkono wa begi palikuwa na kipande cha karatasi ya gundi, ya zile zinazobandikwa uwanja wa ndege. Kimechanika. Herufi mbili zilisalia, P na L. Aliziandika, bila furaha. Majina yanayoanza na P na L yako mengi duniani.

Picha aliijua kwa moyo. Nyumba ya mbao imesimama kwenye nguzo ndefu juu ya matope. Daraja la mbao linapita mbele yake, limefungwa chombo kidogo. Nyuma, likiwa refu kuliko minazi yote, jumba la saruji la ghorofa tatu lisilo na dirisha hata moja, ukutani matundu madogo tu, safu baada ya safu.

Akaenda nayo jikoni. Hadijah, Mganda wa Masaka aliyekuwa akilala chumba kimoja na marehemu na aliyemfundisha Kiswahili, alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso.

"Hadijah, mdogo wangu, tuanze upya."

"Mimi nilisema yote, auntie."

"Sema tena, na mimi nitasikiliza tena. Hili jumba."

"Alisema nyumba ya ndege."

Hapo ndipo Mwanatumu alipopotezea Jumapili na Jumatatu nzima. Alitafuta kwenye ramani kila kijiji cha mdomo wa mto Indonesia chenye kiwanja cha ndege karibu, akapata vinne, Kalimantan, kwenye visima vya mafuta, akavipigia simu vyote vinne kwa msaada wa ubalozi. Hakuna aliyemjua.

"Na kwao kukoje?"

"Hakuna udongo wa kukanyaga. Ni matope. Nyumba ziko na miguu, watu wanatembea juu ya mbao. Nazi zinasafiri kwa maji, hakuna gari. Maji yanakuja mara moja, yanarudi mara moja."

"Mara mbili."

"Mara moja. Siku moja, mara moja."

"Hadijah." Mwanatumu alisikia sauti yake ikipanda, hakuizuia. "Mimi nimezaliwa Faza, kisiwani. Maji ya bahari hujaa mara mbili kwa siku na hupwa mara mbili. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua. Ukinibunia kitu kidogo kama hicho, nitaaminije hayo makubwa? Umesikia vibaya, au unajaza mapengo ili nikuache?"

Kisu kilitua kwenye sinki. Hadijah alimtazama sasa, macho yamelowa kwa hasira.

"Mimi natoka Masaka, sijui bahari. Kwa nini nibuni kitu cha bahari? Alikaa hapo kwenye ndoo, akanionyesha kidole hivi. Kimoja. Yeye alikuwa rafiki yangu, auntie. Wewe umemjua akiwa amekufa."

Mwanatumu aliitia picha mfukoni. Aliaga.

Jumatano asubuhi alikwenda gatini Deira na picha ile mfukoni. Hakwenda kwa matumaini. Alikwenda kwa sababu chombo kile kilichofungwa kwenye daraja kilikuwa kitu pekee pichani ambacho hajakiulizia. Aidarus, mume wa binamu yake, alikuwa karani wa mizigo hapo, na kabla ya ukarani alikuwa baharia wa meli kubwa. Alimkuta kati ya majokofu na matairi ya kwenda Mombasa, ana kalamu sikioni, anamfokea mpagazi aliyelilaza jokofu ubavu.

"Shemeji! Kuna nini, mbona uso hivyo?"

"Nitazamie chombo hiki. Cha wapi?"

Aidarus aliiweka picha mbali na macho, kisha karibu. "Cha mtoni. Kifupi, mashine nyuma. Viko tele, Shemeji, kuanzia Malaysia mpaka Papua. Hakikwambii kitu."

"Nilijua." Aliikunja picha, akaikunjua tena kwa sababu haikuwa yake. "Basi nimebaki na shahidi mmoja, msichana wa Kiganda, naye ananiambia huko maji hujaa mara moja kwa siku. Kesho saa sita wanafunga, alasiri wanazika, na mimi ushahidi wangu ni hadithi."

Aidarus aliyekuwa ameshageuka kumfuata mpagazi alisimama.

"Nani kakwambia ni hadithi?"

"Shemeji, sote tumelelewa na maji."

"Na maji yetu, si ya huko." Aidarus aliichomoa kalamu sikioni. "Nilikaa meli ya mafuta miaka sita. Tukenda Palembang, Sumatra. Mji wenyewe uko ndani, mto Musi, na mlangoni pana fungu la matope. Hupiti mpaka maji yajae. Safari yangu ya kwanza tulifika, maji yametuponyoka asubuhi. Nikamwambia serahangi, mkuu wetu mabaharia, si kitu, tutayapata magharibi. Akanicheka! Tukangoja mpaka kesho yake, wakati ule ule. Pale kati ya Sumatra na kisiwa cha Bangka, maji huja mara moja. Moja tu."

Mwanatumu alimkodolea macho. "Una hakika?"

"Nilichekwa wiki nzima na meli nzima. Nitasahau?"

"Palembang inaandikwaje?"

"P, A, L..."

Alikuwa ameshatoa simu. Kila uwanja wa ndege una herufi tatu zake. Wa Palembang, simu ilimjibu, ni P, L, M.

Aliketi juu ya tairi. Siku tano. Siku tano jibu lilikuwa limeandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na pembeni ameweka alama ya kuuliza, kwa sababu tu shahidi alikuwa mtu wa bara na yeye ni mtu wa pwani. Kabla ya kusimama alimpigia Hadijah.

"Ni mimi. Ulisema kweli. Maji huja mara moja."

Upande wa pili bomba la maji lilifungwa.

"Nimekukosea, Hadijah. Nisamehe."

"Mtafute tu, auntie," Hadijah alisema, akakata.

Nyuma ya mtaa wa Bibi Zuwena, humo humo Al Mankhool, palikuwa na mgahawa wenye meza tano wa mama mmoja wa Indonesia, Wartini, aliyefanya kazi za ndani miaka kumi na minane kabla ya kufungua jiko lake. Kiarabu chake kilikuwa kile cha majikoni, kama cha Mwanatumu kilivyokuwa cha maofisini, lakini walielewana. Mwanatumu aliingia saa sita na robo mchana, akaweka picha mezani kati ya chupa za pilipili.

"Nyumba hii ya nyuma ni nini?"

Wartini hakuhitaji hata kuvaa miwani. "Ya ndege," alisema, akilikatisha neno la Kiarabu katikati.

"Ndege gani? Za kupanda watu?"

"Hapana!" Wartini alipunga viganja viwili kama mabawa. "Ndege wadogo, weusi. Wanaingia kwenye matundu, wanajenga viota kwa mate yao. Wachina wanapika supu. Huko mabondeni kila tajiri anajenga moja. Binadamu halali humo."

Mwanatumu alifumba macho kidogo. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa kimempeleka Kalimantan kutafuta rubani.

"Na Parisi Sambila?"

"Hakuna." Wartini alitikisa kichwa. Kisha akakitikisa polepole zaidi. "Sema tena."

"Parisi. Sambila. Aliyeniambia ni bibi kizee, masikio mazito."

"*Parit*," Wartini alisema. "*Parit Sembilan*. Parit ni mfereji. Sembilan, tisa. Huko kwenye midomo ya mito ardhi ni maji, watu walichimba mifereji wakapanda minazi, kila mfereji una kijiji chake, na kijiji kinaitwa kwa namba. Mfereji wa Tisa." Akashika kifua. "Lakini dada, Parit Sembilan ziko nyingi. Jambi iko, Riau iko, Kalimantan iko."

"Nataka ile ya mto Musi. Ile ambayo maji huja mara moja."

Walifungua ramani kwenye simu, wakaisogeza mpaka Sumatra, mpaka mto ule mpana wa rangi ya chai unapofumuka baharini. Kandokando yake mifereji ilikuwa imenyooka, imepangana kama meno ya kitana. Wilaya ilikuwa na namba ya simu. Mwanatumu alitazama saa ya ukutani: saa saba kasoro dakika ishirini. Huko wametangulia kwa saa tatu. Ofisi zao zilibakiwa na dakika ishirini.

Simu iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Mara ya tatu mtu aliipokea huku anatafuna. Wartini alizungumza naye, kwanza kwa heshima, kisha kwa kasi, kisha mkono wake ukaanza kupiga meza. Mwanatumu aliokota neno moja moja: *Dubai, pasipoti, parit*.

"Anaitwa Sahrul, ni karani," Wartini alisema, ameziba simu. "Mfereji wa Tisa upo, nyumba sitini na kitu. Lakini simu hazishiki. Iko sehemu moja tu, mwisho wa gati lao, nayo ukibahatika."

"Aende mtu."

"Ni saa tatu kwa boti. Na mfereji unakauka. Anasema boti haiingii mpaka maji yajae, na maji ya leo yameshapita."

"Yatajaa lini tena?"

Wartini aliuliza. Jibu lilikuja, naye akamtazama Mwanatumu kwa huruma.

"Kesho. Saa saba mchana kwao."

Saa nne asubuhi, Dubai. Kama boti isingeharibika. Kama mvua isingenyesha. Kama karani wa mbali, asiyelipwa kwa kazi hiyo wala kuijua, angekubali kupoteza siku yake.

"Mwambie," Mwanatumu alisema, "kuna msichana hapa hana jina, na kesho mchana wanamfukia hivyo hivyo. Usimwambie zaidi."

Wartini alimwambia. Mtu wa upande wa pili aliacha kutafuna. Akasema maneno machache.

"Ataondoka alfajiri," Wartini alisema. "Anataka picha ya uso."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, walikuwa wameketi mbele ya kaunta ya vibali, Mwanatumu na Wartini aliyefunga jiko lake kwa siku hiyo. Afisa kijana aliwaona, akainamisha kichwa, akaendelea na watu wengine.

Saa nne ikafika, ikapita. Simu ya Wartini ililala mapajani mwake kama jiwe. Saa nne na nusu Mwanatumu alimpigia Sahrul: haipatikani. Saa tano kasoro robo: haipatikani. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Akapiga hesabu ya maji kichwani, akaipiga upya, ikatoka ile ile. Saa tano na dakika kumi afisa alimwita.

"Gari la maziko limeagizwa saa saba," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeandaa kibali. Lazima nikitie saini kabla ya sita."

"Boti imeingia. Lazima imeingia. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ninayo. Zaidi ya hapo sina."

Saa tano na dakika ishirini na sita simu ilitetema. Wartini alikaribia kuiangusha. Ilikuwa Sahrul, sauti yake imechanikachanika, kisha ikapotea. Ikaita tena, ikapotea. Mara ya tatu ilishika. Wartini aliiweka wazi juu ya kaunta, nao wote watatu wakainamia.

Kulisikika upepo, mashine ya boti, na watu wengi wakisema kwa pamoja.

"Wanawake wamekuja gatini," Wartini alitafsiri. "Anawaonyesha picha. Anasema, wanapokezana simu."

Sauti zile zilipungua moja baada ya moja, mpaka ukasikika upepo peke yake. Halafu mwanamke mmoja akapiga ukelele. Ulikuwa mrefu, ukapanda, wengine wakaupokea, na ofisi nzima, Wapakistani, Wafilipino na Wasudani waliokuwa foleni, iligeuka kuitazama ile simu ndogo. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Afisa alivuta fomu mpya.

"Jina lake," alisema.

Sauti ya mwanamume ilikuja, nzito, inatafuta pumzi. Wartini alilitamka neno kwa neno. "Huyu ni baba. Anasema Hasnidar. Hasnidar binti Daeng Palallo."

Mwanatumu alimtajia afisa herufi moja moja kwa Kiarabu. Kalamu ikaandika.

"Jina la mama."

"Besse Rukiah. Ndiye anayelia."

"Umri."

Wartini aliuliza. Baba alijibu. Wartini alimuuliza tena, akajibiwa vile vile.

"Wartini. Amesema ngapi?"

"Amesema atatimiza miaka kumi na saba mwezi wa pili."

Kalamu ilisimama. Afisa aliivuta nakala ya pasipoti, akaisoma kwa kidole mpaka pale palipoandikwa ishirini na tisa. Kisha akakichukua kile kibali kilichoandaliwa, akakichana mara mbili, akaenda kabatini, akarudi na muhuri mwekundu, akaugonga juu ya jalada. *Imesimamishwa.* Bila kuketi aliinua simu ya mezani, akaomba aunganishwe na polisi, kitengo cha usafirishaji wa watu, na alipoulizwa ni haraka kiasi gani alijibu neno moja.

"Sasa."

Mwanatumu alishika ukingo wa kaunta. Tangu Ijumaa alikuwa akidhani siku atakayolipata jina atafurahi. Badala yake ilimjia hasira.

Simu ya Wartini ilikuwa bado wazi. Upepo ulivuma, kilio kilikuwa kimesogea mbali, pengine wamemwongoza mama nyumbani. Yule mwanamume alisema tena, taratibu.

"Anauliza," Wartini alisema, "yule dada mwingine ninayemsikia ni nani. Ni mwajiri?"

"Mwambie hapana. Mwambie ni mtu aliyekuwa akimtafuta yeye, baba mtu."

Wartini alifikisha. Upepo uliifunika sauti, hata Mwanatumu akadhani mawimbi yamekatika. Kisha jibu likaja, na Wartini akalitafsiri akiwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Anasema kila maji yakijaa huwa anakuja hapa gatini na simu yake. Miezi miwili sasa haijaita. Anasema asante kwa kuipiga."

Baada ya hapo laini ilikatika kweli. Afisa aliusukuma ule mkono wa simu ya mezani mbele ya Mwanatumu. Polisi walikuwa wakingoja, wanataka jina la wakala aliyemleta. Alijifuta uso kwa kiganja, akaipokea, akaanza kueleza habari za Sufyan na karatasi ya manjano iliyochanwa.